Mutara Rudahigwa: Mfalme Aliyeiweka Nchi Yake Mikononi mwa Kristo



Wapendwa vijana, Sherehe ya Kristo Mfalme inakaribia, na hapa Murungu VIWAWA wameshaanza mazoezi ya nyimbo za maandamano. Kila mwaka kipindi hiki huwa tunasoma maisha ya mtakatifu fulani. Safari hii naomba mniruhusu niwaletee maisha ya mfalme. Hayumo kwenye kalenda ya watakatifu na hana novena. Lakini ni mtu aliyefanya jambo ambalo ni wafalme wachache sana duniani wamelifanya: alipiga magoti mbele ya watu wake na kusema kwamba mfalme wa kweli wa nchi ile siyo yeye.

Ni Mutara wa Tatu Rudahigwa wa Rwanda.

Kwetu sisi Waha habari hii siyo ya mbali. Neno Mwami ni letu pia. Heru, Muhambwe na Buyungu zote zilikuwa na Mwami wake, na bibi zetu wanapomwomba Yesu kwa Kiha wanamwita kwa neno hilo hilo. Kwa hiyo tukiimba Kristo Mfalme, mzee wa Kibondo hamfikirii mfalme wa kwenye picha za Ulaya mwenye taji la dhahabu. Anamfikiria mtu mwenye ngoma, mwenye ng'ombe, ambaye neno lake likishatoka halirudi. Shikeni hilo, maana litatusaidia mbele.

Rudahigwa alizaliwa mwaka 1911 katika ukoo wa Abanyiginya, ukoo uliotawala Rwanda kwa karne kadhaa. Wafalme wake walipokezana majina ya kiti kwa zamu: Mutara, Kigeri, Mibambwe, Yuhi. Baba yake alikuwa Yuhi wa Tano Musinga. Musinga mwenyewe aliwekwa kwenye kiti akiwa bado mtoto, baada ya vita ya ndani ya ikulu mwaka 1896 pale Rucunshu, ambapo mfalme aliyekuwepo, Rutarindwa, aliangamia pamoja na watu wake. Nawatajia hili ili msije mkadhani kwamba kabla ya wazungu kulikuwa na bustani ya Edeni. Damu ilikuwepo.

Kisha wageni wakaingia. Wajerumani kwanza, halafu Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu bado wanawaita White Fathers. Askofu Hirth alifika ikulu ya Nyanza (huu ni mji wa kusini mwa Rwanda, siyo Ziwa Nyanza), na Februari 1900 misheni ya kwanza ikafunguliwa Save. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji wakawafukuza Wajerumani. Vita hiyo ndiyo iliyochora mipaka ya maisha yetu sisi huku: Waha tukaangukia upande wa Waingereza, wenzetu wa Rwanda na Burundi upande wa Wabelgiji.

Musinga aliwavumilia wamisionari lakini ubatizo aliukataa. Na kukataa kwake kulikuwa na hoja. Katika Rwanda ya zamani mfalme hakuwa kiongozi wa siasa tu. Ndiye aliyebeba mila na matambiko yote ya nchi. Akibatizwa, nani atayafanya? Wabelgiji walichoka naye, na Askofu Léon Classe naye hakumwona kama mtu wa kufaa kwa Rwanda mpya aliyoitaka. Tarehe 12 Novemba 1931 Musinga aliondolewa madarakani. Siku mbili baadaye aliondoka Nyanza kwenda Kamembe, karibu na Ziwa Kivu. Mwaka 1940 alisukumwa mbali zaidi, hadi Moba nchini Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ziwa hili hili la dagaa na migebuka yetu. Alifia huko mwaka 1944, bila ubatizo.

Tarehe 16 Novemba 1931, siku nne tu baada ya baba kuvuliwa ufalme, mtoto akasimikwa. Alikuwa na miaka 20. Abiru, wale wazee watunza siri za ufalme ambao kwa desturi ndio humtaja mrithi, hawakuulizwa. Waliomsimika ni Gavana Voisin na Askofu Classe.

Hapa mimi hukwama kila nikisoma. Tunajua amri ya nne inasema nini kuhusu baba na mama. Kijana wa miaka 20, aliyesoma shule ya watoto wa machifu hapo Nyanza, aliyekuwa tayari chifu wa Marangara na mkatekumeni, anapewa kiti cha baba yake ambaye bado yu hai na amepelekwa uhamishoni. Angekataa? Pengine wangemtafuta ndugu yake mwingine. Angepigana? Kwa nini, na kwa jeshi gani? Sitaki kumhukumu. Lakini pia sitaki kuipamba hadithi, kwa sababu vitabu vingine vya dini vya zamani vinaruka ukurasa huu kana kwamba Mungu alimwondoa Musinga kwa mkono wake mwenyewe. Waliomwondoa ni wanadamu, na mmoja wao alivaa msalaba wa kiaskofu kifuani.

Baada ya hapo likatokea jambo la ajabu. Watu walianza kumiminika kwenye mafundisho. Machifu, watoto wa machifu, wake zao, halafu wananchi wa kawaida. Wamisionari wenyewe walishindwa kuhimili idadi. Wanyarwanda waliliita jambo lile Irivuze umwami, na nyie mnaojua Kiha hamhitaji kamusi: ndilo alilolinena mfalme. Mfalme ameelekea kanisani, basi nchi nzima ielekee huko.

Wale mliowahi kufundisha wakatekumeni mnajua ninachotaka kusema. Katika miezi yangu ya uchungaji nimekaa na vijana waliokuja kuomba ubatizo kwa sababu mchumba anataka ndoa ya kanisani, au kwa sababu rafiki zake wote wako kwaya. Sikumfukuza hata mmoja. Mungu hutumia milango mingi, na mlango wa mchumba siyo mbaya kuliko mingine. Ila mtu akishaingia lazima afike mahali aulize yeye mwenyewe yuko humo kwa ajili ya nani. Rwanda ya miaka ya 1930 iliingia kwa kasi sana kiasi kwamba wengi hawakupata muda wa kujiuliza.

Cha kushangaza, aliyesubiri kuliko wote ni mfalme. Kuanzia kusimikwa kwake hadi ubatizo ilipita miaka 12. Sababu mojawapo ilikuwa ndoa. Mwaka 1933 alimwoa Nyiramakomali kwa desturi, hawakupata mtoto, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 wakaachana. Januari 1942 akamwoa Rosalie Gicanda, binti Mkristo aliyezaliwa mwaka 1928, yaani hata miaka 15 alikuwa hajafikisha. Enzi zile haikumshtua mtu. Leo inatushtua, na ni sawa itushtue. Huyo Nyiramakomali naye vitabu vinamtaja kwa mstari mmoja na kumwacha. Mimi nikisali Rozari kwa ajili ya familia huwa namkumbuka, mke aliyerudishwa kwao ili mfalme apate njia ya kwenda kisimani.

Tarehe 17 Oktoba 1943, siku ya Dominika, Rudahigwa alibatizwa pamoja na mama yake Kankazi. Aliyembatiza ni Askofu Classe. Msimamizi wake alikuwa Pierre Ryckmans, Gavana Mkuu wa Kongo ya Ubelgiji. Mfalme akaitwa Charles Léon Pierre. Angalieni majina hayo: Léon ni jina la askofu, Pierre ni jina la gavana. Kanisa na serikali ya kikoloni vimeandikwa kwenye cheti kimoja cha ubatizo. Mama yake akaitwa Radegonde, jina la malkia mtakatifu wa Wafaranki wa kale.

Mwaka huo huo ilianza Ruzagayura, njaa kubwa iliyoua watu wengi mno Rwanda hadi mwaka 1944. Mvua ilikosekana, viazi viliugua, na bado vita ya wazungu ilitaka chakula na nguvu kazi. Hiyo ndiyo nchi aliyoitawala yule Mkristo mpya.

Sasa tufike Oktoba 1946.

Sherehe ya Kristo Mfalme ilianzishwa na Papa Pius wa Kumi na Moja mwaka 1925, na wakati ule iliadhimishwa Dominika ya mwisho ya Oktoba. Papa aliiweka katika miaka ambayo viti vya enzi vya Ulaya vilikuwa vimeanguka kama maembe yaliyoiva. Kaizari wa Ujerumani amekimbia. Wale wa Austria wameondolewa. Huko Urusi ukoo wa Romanov, uliotawala miaka 300 na ushee, ulikuwa umekwisha: Tsar Nikolai wa Pili, mke wake na watoto wao watano walipigwa risasi usiku mmoja wa Julai 1918 ndani ya nyumba huko Yekaterinburg. Baada ya hayo yote Papa alitaka kuwakumbusha Wakristo kwamba uko ufalme usiotegemea jeshi.

Tarehe 27 Oktoba 1946, katika sherehe hiyo, Rudahigwa aliiweka wakfu Rwanda kwa Kristo Mfalme pale pale Nyanza, kwenye mji wa mababu zake. Alisali kwa kinywa chake mwenyewe. Aliikabidhi nchi, watu na utawala wake kwa Kristo na kukiri kwamba mamlaka yake yeye ni ya kukopeshwa. Mwaka uliofuata Papa Pius wa Kumi na Mbili alimtunuku nishani ya Mtakatifu Gregori Mkuu.

Kumbukeni lile nililowaambia kuhusu Mwami. Kwa Mnyarwanda wa siku ile, lile tendo halikuwa kama rais kuhudhuria misa ya kitaifa. Mwami ndiye kitovu cha ulimwengu. Akipiga magoti yeye, kila kitu kimepiga magoti. Mimi naamini alimaanisha. Siwezi kuuona moyo wa mtu, lakini nikitazama miaka yake iliyofuata sioni mtu aliyekuwa anaigiza. Yeye na Rosalie hawakujaliwa mtoto. Kwa mfalme wa ukoo wa namna ile, kukosa mrithi ni kama nyumba kukosa paa, na desturi ilikuwa na dawa yake: oa mwingine. Safari hii hakufanya hivyo. Walibaki wawili hadi kifo.

Lakini nchi aliyoiweka wakfu ilikuwa na kidonda, na kidonda hicho alikuwa amekalia mwenyewe. Wabelgiji, kwa ushauri wa Askofu Classe, walikuwa wameamua kwamba machifu wawe Watutsi. Machifu Wahutu waliokuwepo waliondolewa. Katikati ya miaka ya 1930 kila mtu akapewa kitambulisho kilichoandika kabila lake, Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na kilichoandikwa kikarithiwa na watoto. Shule nzuri zikawa za upande mmoja. Kwa hiyo siku ile ya wakfu mbele ya Kristo walipiga magoti wote, ila waliporudi nyumbani wengine walirudi kuagiza na wengine kulima shamba la chifu kwa amri.

Rudahigwa alijaribu. Mwaka 1954 alifuta ubuhake. Wazee wa Buha wana kitu cha kufanana nacho wanakiita ubugabire: mwenye ng'ombe anampa mwenzake ng'ombe, na yule aliyepewa anakuwa mtu wake, anamtumikia, na mara nyingi watoto wake pia. Baada ya amri ile ng'ombe waligawanywa, na sehemu kubwa ikaenda kwa waliokuwa wakitumikia. Lilikuwa jambo zito. Tatizo ni kwamba malisho yalibaki mikononi mwa wakubwa wale wale. Sasa wewe fikiria, una ng'ombe wako watatu, huna pa kuwalisha. Utarudi kwa nani? Alianzisha pia mfuko uliobeba jina lake wa kusomesha vijana, na kadiri miaka ilivyokwenda akawa anawasumbua Wabelgiji kuhusu uhuru. Wale waliomsimika wakaanza kumwona kama walivyomwona baba yake.

Mwaka 1957 wasomi Wahutu, wengi wao waliolelewa seminarini, waliandika waraka wa kudai haki. Mwaka 1958 suala likaletwa mbele ya baraza kuu la nchi. Jibu la mfalme lilikuwa kwamba tatizo la Wahutu na Watutsi halipo, na kwamba majina hayo yafutwe kwenye nyaraka za serikali.

Sisi tuliosoma falsafa tunapenda kubishana kama jina ni kitu au ni sauti tu. Basi huo ndio mtihani wake. Nadhani Rudahigwa alitaka umoja kwa dhati. Lakini huwezi kumwambia mtu aliyefungiwa mlango miaka 30 kwamba mlango haupo. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ule wakfu wa Nyanza ulipodaiwa, na haukulipwa. Februari mwaka 1959 Askofu Perraudin wa Kabgayi, mmisionari kutoka Uswisi, aliandika barua ya Kwaresima juu ya upendo na haki, akitaja kwamba mali na madaraka vimelalia upande mmoja. Ikulu iliichukulia kama shambulio. Hadi leo watu wanagombana kama barua ile ilikuwa sauti ya nabii au kuni kwenye moto. Mimi naona ilisema ukweli, na ikausema kwa lugha ya makabila ambayo wakoloni walikuwa wameshaikaza.

Tarehe 25 Julai 1959 Rudahigwa alikuwa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Alimwona daktari Mbelgiji, akachomwa sindano, akaanguka, akafa. Alikuwa na miaka 48. Madaktari walisema damu ilivuja kwenye ubongo. Uchunguzi wa maiti haukufanyika, mama yake alikataa, na Wanyarwanda wengi waliamini kwamba mfalme wao ameuawa. Siku tatu baadaye, katika mazishi kwenye kilima cha Mwima, abiru walimtaja mrithi papo hapo, bila kuwauliza Wabelgiji: mdogo wake kwa baba, Ndahindurwa, akawa Kigeri wa Tano.

Ufalme ule ulidumu miaka miwili tu. Novemba 1959 vurugu zikalipuka, nyumba za Watutsi zikachomwa, maelfu wakavuka mipaka wakiwemo waliokuja kwetu upande wa Karagwe na Ngara. Septemba 1961 kura ya maoni ikaufuta ufalme. Kigeri hakurudi tena akiwa hai. Aliishi uhamishoni sehemu mbalimbali, Tanganyika ikiwemo, akafia Marekani Oktoba 2016. Sisi ambao tumekua tukipita karibu na Nduta na Nyarugusu hatuhitaji kueleweshwa mkimbizi ni nani.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna mtu nimemwacha nyumbani.

Rosalie Gicanda hakukimbia. Alikuwa mjane wa miaka 31 hivi, hana mtoto, hana cheo, na ufalme wenyewe haupo. Alihamia Butare, akaishi nyumba ya kawaida pamoja na mama yake na akina mama wachache waliomhudumia. Serikali za jamhuri zilimwacha, kwa kuwa hakuwa na madhara kwa mtu. Alikuwa mama wa sala, mwenye kukaribisha wageni. Miaka 32 ya uhuru ilimpita hivyo, na sisi vijana tunaopenda kuonekana tungeona ni maisha yasiyo na tukio.

Aprili 1994 mauaji yalipoanza, Butare ilitulia kwa muda kuliko kwingine, kwa sababu mkuu wa mkoa aliyazuia. Akaondolewa. Tarehe 20 Aprili wanajeshi walifika nyumbani kwa bibi yule, wakamchukua pamoja na wanawake wengine wa nyumba ile, wakawapiga risasi nyuma ya Makumbusho ya Taifa. Alikuwa na miaka 66. Mama yake mzee aliuawa siku chache baadaye. Watu wa Butare waliposikia kwamba hata Gicanda ameuawa, walielewa kwamba hakuna atakayebakizwa. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Wengine walikuwa wajukuu wa wale walioingia kanisani kwa Irivuze umwami.

Hesabu ya kifo chake ilikuja kufanyika kwetu, Arusha. Kapteni Ildéphonse Nizeyimana alikamatwa Kampala mwaka 2009, na mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ikamtia hatiani, mauaji ya Gicanda yakiwemo. Alihukumiwa kifungo cha maisha, na rufani ikakipunguza kuwa miaka 35. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji yale.

Kwa hiyo Dominika ile tukibeba msalaba wa maandamano kutoka kanisani kuzunguka senta ya Murungu, mimi nitakuwa na nia mbili za sala. Ya kwanza ni kwa ajili ya Rwanda na Burundi. Ya pili ni kwa ajili ya wakatekumeni wetu watakaobatizwa Pasaka, kila mmoja na mlango alioingilia.

Na siku mkifika Nyanza, pandeni Mwima. Rudahigwa amelala pale, Rosalie pembeni yake. Kigeri aliletwa kutoka Marekani akazikwa hapo Januari 2017. Musinga hayupo. Yeye alibaki ng'ambo ya ziwa.

Wenu katika Kristo Mfalme,
Frateri